Jina la Tano

Kuna gitaa moja ambalo mpigaji hulilaza mapajani, akapitisha kipande cha chuma juu ya nyuzi, nalo hulia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto bila hakika kwamba atasikika. Mwaka jana nilikuwa mjini Wote, ndani ya duka la vifaa vya ujenzi, nikitafuta misumari ya mabati. Kijana wa duka akawasha redio na gitaa hilo likalia. Niliacha misumari juu ya meza nikatoka nje, nikasimama kando ya magunia ya saruji mpaka wimbo ukaisha. Kijana alidhani nimepatwa na kizunguzungu, akaniletea maji. Sikumweleza kitu. Ninyi nitawaeleza, ingawa si habari ya kujivunia.

Sisi watu wa Ukambani tunaupenda muziki wa kantri kuliko tunavyoweza kueleza. Mtu asiyejua Kiingereza hata cha kuulizia njia atakuimbia beti tatu bila kukosea sauti. Mjomba Kimanzi alikuwa na maelezo yake juu ya jambo hilo. Alisema waimbaji wale ni Wakamba wa Marekani. "Wana ng'ombe, hawana mvua, na wakihuzunika wanaimba," alikuwa akisema. "Hao ni nani kama si sisi?"

Mjomba Kimanzi alikuwa kaka ya mama. Baba yetu, aliyekuwa kibarua wa reli pale Sultan Hamud, alifariki nikiwa na miaka kumi, na mama akamfuata baada ya miaka miwili kwa homa iliyoanza kama mafua tu. Mjomba alitoka kijijini kwao Nuu kuja kumzika dada yake, akiwa na nguo alizovaa na kibuyu cha maji. Siku ya tatu baada ya mazishi wazee wa ukoo wa baba walikaa kutugawa. Ndugu yangu Mutinda angekwenda kwa huyu, mdogo wetu Kanini kwa yule, na mimi ningetafutiwa kazi ya kulea watoto mjini. Mjomba aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mbuzi ndio hugawanywa. Hawa watoto nitakaa nao." Akarudi Nuu, akauza mbuzi wake wote, akaja na punda wawili.

Punda hao ndio waliotulea. Mjomba alichota maji kwenye bomba la stesheni akayapeleka mahotelini na majumbani, kila punda na madebe manne, kuanzia alfajiri hadi jua linapokuwa kali. Mimi niliacha shule nikiwa darasa la sita. Hakuna aliyeniambia niache. Kanini alikuwa na miaka minne na hapakuwa na wa kubaki naye, basi asubuhi moja Mutinda alipochukua daftari zake mimi sikuchukua zangu.

Lazima niwaeleze pia habari ya jina, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa uzito wa nilichofanya. Dada yangu aliyenitangulia, aliyefariki akiwa mchanga, alipewa jina la nyanya wa upande wa baba. Mimi nikafuata na jina la nyanya wa upande wa mama, Syombua. Kwa Wakamba jina si pambo. Mjomba alikuwa na mama aliyeitwa Syombua, na mimi nikiwa Syombua, basi mimi nilikuwa mama yake. Aliniita "mwaitu", yaani mama, na hakuwa akitania. Hakunituma jambo bila kuomba. Akiletewa chakula alingoja niseme ale. Mtu mzima mwenye ndevu alinikabidhi hata kisu chake cha kuchunia, akisema, "Niwekee, mwaitu."

Sasa kofia. Mjomba aliwahi kuona jalada la santuri katika hoteli ya Mama Nduku, lenye picha ya Mzungu aliyesimama kando ya farasi. Aliitazama picha hiyo siku nyingi, halafu akajishonea kofia kama ile kwa ngozi ya mbuzi, yenye ukingo mpana uliopinda pande mbili. Ikinyeshewa ilinuka mbuzi mzima. Bahati nzuri kwetu mvua ilikuwa haba. Alivaa pia buti za mpira alizozikata zikafika nusu ya mguu, na kiunoni akaning'iniza kamba iliyokunjwa vizuri, ingawa punda wake walikuwa wazee na hawakuhitaji kutupiwa kamba na mtu yeyote. Mji mzima ukamwita Texas. Yeye alilipenda jina hilo. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Siku moja nilikuwa bombani na wasichana wa shule. Beatrice alikuwa pale, binti wa stesheni masta, niliyeketi naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Alikuwa darasa la saba sasa, na soksi nyeupe. Mjomba akatokea upande wa reli, akiimba, na punda nyuma yake.

"Syombua, babako Texas huyo amefika," Beatrice akasema. "Mwambie afunge farasi wake."

Wenzake wakacheka.

"Si babangu," nikasema.

"Kwani ni nani yako?"

"Anatuletea maji tu."

Mjomba alikuwa hatua kumi hivi kutoka kwetu. Nilijiambia kwamba punda walikuwa na kelele. Punda hawakuwa na kelele.

Jumapili baada ya kanisa tulikwenda wote wanne kwa Mama Nduku, ambaye redio yake ilikaa juu kabisa ya rafu, imefunikwa kitambaa alichokishona mwenyewe, kama mgonjwa anayekingwa na baridi. Alasiri kulikuwa na kipindi cha salamu na nyimbo za kantri. Kanisa letu halikuruhusu nyimbo za dunia, lakini kulikuwa na mwimbaji mmoja wa Marekani ambaye sauti yake ilipita kila kizuizi. Ilikuwa sauti ya chini, laini, ya mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala. Kwa kuwa alikuwa ameimba pia tenzi za rohoni, mchungaji wetu alikata shauri kwamba huyo ni mtu wa Mungu aliyekawia njiani, na mara kadhaa tulimwona mwenyewe amesimama mlangoni pa Mama Nduku, kiatu kimoja kikipiga mdundo.

Mjomba ndiye aliyetutafsiria, naye Kiingereza alikuwa hajui. Wimbo mmoja wa taratibu, alisema, ni wa mtu aliyeuza fahali wake wa mwisho wakati wa njaa, na sasa anasikia kengele ya fahali huyo kwa jirani. Kanini alilia kila ulipopigwa. Miaka mingi baadaye nilikuja kuelezwa kwamba ni wimbo wa mtu aliyeachwa na mpenzi. Nilihisi nimeibiwa.

Basi mwaka huo, baada ya mavuno mabaya, Mjomba alikuja nyumbani na kadi ya salamu ya kutuma redioni. Aliitoa katikati ya gazeti ili isichafuke, akaiweka juu ya meza, akanawa mikono ingawa si yeye aliyekuwa aandike.

"Andika wewe, mwaitu, salamu zitoke kwako," akasema. "Wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Uanze na mchungaji. Halafu mwalimu wako wa zamani. Halafu Mama Nduku, maana redio ni yake. Halafu stesheni masta, maana bomba ni lake." Akakuna kidevu. "Wa tano uniweke mimi. Kimanzi wa punda. Usiandike Texas, Nuu hawanijui kwa Texas."

"Kwani Nuu wana redio?" Mutinda akauliza.

"Nuu kuna redio mbili. Moja inasikika."

Mutinda akacheka, na Mjomba pia, kisha akatueleza bila kucheka. Kwao walikuwa wakisema amepotea. Mtu anayeuza mbuzi wake wote na kwenda kukaa mjini na watoto wa ukoo mwingine, bila mke, bila shamba, huyo wamekwisha kumhesabu kama aliyekufa. "Wakisikia jina langu katikati ya majina ya watu," akasema, "watajua niko. Na watajua niko na watu wangu." Wimbo aliotaka ni wa yule mwimbaji wa sauti laini, wowote.

Niliandika. Mchungaji, mwalimu, Mama Nduku, stesheni masta. Nilipofika jina la tano mkono wangu ulisimama. Nilimwona Beatrice na soksi zake. Nilisikia mtangazaji akisema mbele ya nchi nzima kwamba Syombua wa Sultan Hamud anamsalimu Kimanzi wa punda. Nikaandika Beatrice. Halafu nikamalizia na Mutinda na Kanini.

"Nisomee," Mjomba akasema.

Alikuwa hajui kusoma. Nilishika kadi kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, nikasoma kwa sauti, jina baada ya jina, na nilipofika la tano nikasoma, "Kimanzi wa punda." Sikutetemeka. Elimu yangu yote ya darasa la sita niliitumia pale, kumsomea mtu jina ambalo halikuandikwa.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

Jumatatu alimpata dereva wa lori la mbuzi aliyekuwa akipitia mji wa Mwingi, njia ya Nuu, akamtuma awaambie watu wa Nuu wakae karibu na redio kila Jumapili alasiri mpaka wasikie. Jumanne akaipeleka kadi posta mwenyewe. Nilijitolea kwenda. Alikataa, akasema anataka kuiona ikiingia. Niliporudi kutoka bombani nilimkuta ameketi mlangoni, kofia magotini, akipitisha kidole kwenye mshono wake. Nilimuuliza kama kadi imekwenda. "Imekwenda, mwaitu," akasema, akainuka kuwapa punda maji.

Jumapili ya tatu au ya nne hoteli ilikuwa imejaa. Habari za kadi zilikwisha kuenea, maana Mama Nduku hakuwa mtu wa kuficha kwamba atatajwa. Mtangazaji alipotamka Sultan Hamud watu walipiga meza. Akasoma jina langu. Akasoma la mchungaji, la mwalimu, na la Mama Nduku, ambaye alijifunika uso kwa aproni. La stesheni masta. Beatrice. Mutinda. Kanini. Halafu akavuta pumzi.

Beatrice mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amekwenda Nairobi kwa shangazi yake.

"Na wewe, Texas?" Fundi wa baiskeli, mtu wa mdomo mpana, akageuka kwenye kiti chake. "Si ulituambia utatajwa? Ama umetajwa kwa Kizungu?"

Watu wakacheka. Nilitazama sakafu. Kulikuwa na tone la chai lenye chungu wawili.

"Kadi ina mistari michache," Mjomba akasema, papo hapo, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mtoto aliniuliza, nikamwambia aniruke mimi, aweke wasichana wenzake. Mtu mzima hung'ang'ania redio na watoto?"

Jibu lilikuja upesi mno. Nililiona hilo hata siku ile, ila sikutaka kuliangalia vizuri.

Fundi angeendelea, kwa sababu nilimwona akivuta pumzi ya kuendelea, lakini mtangazaji akaniokoa. Alisema wimbo unaofuata ni mpya, umetoka karibuni, na unaimbwa na marehemu. Akamtaja mwimbaji wetu.

"Marehemu nani?" Mama Nduku akauliza.

"Si ni huyu huyu anayeimba," akajibu karani wa duka la nafaka, aliyesoma. "Ndege yake ilianguka kwenye mvua. Ni zamani. Hamkujua?"

"Zamani gani, na wimbo ni mpya?"

"Alikuwa ameacha nyimbo, mama. Wanazitoa moja moja."

"Wazungu wanaweka sauti kama sisi tunavyoweka mahindi," fundi akasema. "Bwana amekufa, ghala linaliwa."

Mabishano yakapamba moto. Wengine walisema ni dhambi kumsikiliza maiti siku ya Bwana. Mwingine alidai arudishiwe kadi zake, maana miaka mitatu alikuwa akimwomba mtu aliyelala kaburini. Na gitaa likaanza kulia, na sauti ile ikaingia, tulivu, kama isiyojua kinachosemwa juu yake. Mjomba alivua kofia. Alibaki kichwa wazi mpaka wimbo ukaisha, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta.

"Muacheni," Mama Nduku akasema. "Amefiwa."

Kila mtu aliamini kwamba Texas anamlilia Mzungu wake. Nami niliamini, kwa sababu ilinifaa kuamini. Sitawaficha, nilifurahi kwamba mtu yule alikuwa amekufa. Kifo chake kilifunika kosa langu vizuri kama kitambaa.

Njiani Kanini alimuuliza kama watu waliokufa wote huimba Jumapili, na mama huimba saa ngapi. Mjomba akambeba mabegani akamwambia tusikilize, lakini hakusema tusikilize wapi. Tulipofika nyumbani nilimpakulia isyo, mahindi na maharagwe ya jana. Alingoja nimwambie ale. Nikamwambia. Alipokuwa anakula akasema, "Mwaitu, ulisikia walivyolisoma jina lako? Hawakukosea hata herufi."

Hatukulizungumzia tena. Mutinda alimaliza shule, akapata kazi Mombasa. Kanini akaolewa mjini Kwa Vonza. Mimi nilifungua kibanda cha mboga nikakisimamia, na Mjomba akazeeka pale pale, na punda wengine baada ya wale. Alivaa kofia mpaka ngozi ikapasuka.

Alifariki asubuhi ya Jumatano, na mchana wake nilikwenda posta kumpelekea Mutinda telegramu. Karani alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu. Alisoma karatasi yangu, akainua macho.

"Kimanzi ni yule Texas?"

Nikasema ndiye.

"Pole, mama. Yule mimi nilimsomea kadi yenu." Nadhani alitaka kunifariji kwa kumbukumbu njema, maana alitabasamu. "Alikuja nayo hapa miaka hiyo, akaniomba nimsomee kabla sijaigonga muhuri. Si kwamba ana shaka, alisema, anapenda tu kusikia inavyosikika. Nikamsomea. Akaniambia nirudie katikati. Nikarudia. Nikamuuliza, mzee, kuna mtu amesahauliwa? Niongeze? Nafasi ilikuwepo pale chini."

"Akasemaje?"

"Akasema gonga. Akasema, aliyeandika ni mama yangu. Mama huita watoto wake kwa zamu, yangu haijafika."

Akagonga muhuri kwenye karatasi yangu ya telegramu, akaniuliza kama nataka kuongeza neno.

Basi alijua. Alijua tangu Jumanne ile, lori likiwa limekwisha kwenda Mwingi na ujumbe wake. Alikaa Jumapili zote zile akingoja jina ambalo alijua halimo, ili sisi tusikie yetu, na jibu la kunikinga alilibeba tayari mdomoni wiki tatu. Mimi niliyekuwa mama yake kwa jina nililindwa na yeye kama mtoto. Lakini hilo silo linalonitoa dukani. Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya siku ile. Kipindi kilikuwepo kila Jumapili. Kadi ziliuzwa pale pale posta, na mimi nilikuwa mtu mzima, Beatrice amekwisha kuolewa mbali, na hapakuwa na mtu duniani wa kunicheka. Nilikuwa nikisema nitaandika wiki ijayo. Zamu yake ilikuwa mikononi mwangu, na sikuiita.

Tulimzika Nuu. Baada ya udongo, mzee mmoja aliyechunga naye mbuzi utotoni alinisogelea. Alisema walipata ujumbe wa lori, wakakaa kwenye redio Jumapili nyingi, karibu mwaka mzima, na hawakusikia. Betri zao zilikuwa dhaifu, wakizianika juani ndipo zinapata nguvu kidogo. "Huenda alitajwa siku ambayo ilikata," akasema. "Tulitaka kumuuliza, tukaona haya. Alitajwa, mama?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Macho yake yalikuwa yakingoja.

"Alitajwa," nikasema. "Wa tano."

Alishika fimbo yake kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuwaambia wenzake waliokuwa wameketi kwenye kivuli cha ukuta. Niliwaona wakiitikia kwa vichwa. Mpaka leo sijui kama nilisema vile kwa ajili ya Mjomba, au ni yule msichana wa darasa la sita aliyesimama tena na kadi mikononi.

Mimi hwenda Nuu kila baada ya miaka michache kufyeka kaburi. Kule inajulikana kwamba Kimanzi aliwahi kutajwa redioni, pamoja na mchungaji na stesheni masta. Wapo wanaoapa kwamba walilisikia jina lake kwa masikio yao, na hunisimulia mimi jinsi ilivyokuwa.